Utatuzi wa Matatizo ya Kurusha Paraglaida kwa Winchi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuruka kwa paraglaida, yaani bawa la kitambaa linalombeba mtu kwa nyuzi, ana njia chache. Anaweza kupanda Milima ya Ngong na kungoja upepo wa mashariki uupige mteremko, anaweza kusafiri hadi Iten kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, au anaweza kuteremka kwenye tambarare za Athi na Kapiti, upande wa Kitengela na Konza, akavutwa hadi juu kwa winchi. Njia hii ya tatu haihitaji mlima, ila inahitaji watu wawili wanaoaminiana, kwa sababu mmoja ameshika breki za bawa na mwingine, aliye umbali wa karibu kilomita moja, ameshika nguvu inayomvuta mwenzake.

Mwongozo huu unamhusu rubani aliyekwisha kufundishwa na mwalimu, pamoja na mwendesha winchi wake. Asiyewahi kuruka hawezi kujifunza kwa kuusoma. Nimekaa pande zote mbili za kamba, na miaka hiyo imenifanya niamini jambo moja: matatizo mengi ya winchi huzaliwa ardhini au katika mita 50 za kwanza, na mara nyingi dawa yake ni kupunguza mvuto. Mkono wa mtu aliyeingiwa na hofu huongeza mvuto, na hapo ndipo tatizo dogo hugeuka kuwa ajali.

Niseme kwanza vifaa ninavyovizungumzia, ili tusipotezane njiani. Winchi ya kusimama ni injini yenye pipa la kuzungushia kamba, nayo huwekwa upande upepo unakotoka. Kamba yenyewe huwa nyembamba, ya unene wa milimita 2 au 3, imara sana na isiyonyumbuka, na hutandazwa chini kwa urefu wa mita 800 hadi 1,000. Kwa urefu huo, rubani aliyevutwa vizuri katika upepo mwanana huachia kamba akiwa kwenye kimo cha mita 300 hivi, wakati mwingine zaidi. Kwenye ncha ya kamba pana parashuti ndogo inayoizuia isianguke ovyo baada ya kuachiwa, kisha kiungo dhaifu, yaani kipande kilichotengenezwa ili kikatike kabla mambo mengine hayajakatika, na mwisho kiachilio kilichofungwa kwenye hanesi ya rubani, yaani kiti chake cha mikanda. Kiungo dhaifu cha rubani mmoja kwa kawaida hukatika kwenye mvuto wa takriban kilo 150. Upande wa winchi lazima pawe na kipimo cha mvuto na kisu cha kukatia kamba kwa pigo moja. Rubani naye awe na kisu chake, kimefungwa mahali ambapo mkono wowote unafika.

Kufunga kamba kwenye gari au kwenye mti na kumvuta mtu bila kipimo wala breki inayolegeza kamba ni jambo ambalo halina marekebisho. Upepo ukiongezeka kidogo, mvuto hupanda bila kikomo na hakuna mkono wa kuupunguza. Watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi nyingi, na mwongozo huu hauwezi kumsaidia anayeitumia.

Winchi imevuta kabla rubani hajawa tayari

Rubani bado anasawazisha nyuzi, kamba inakazika ghafla, naye anaburutwa hatua tatu nne mbele bawa likiwa bado liko chini. Watu hudhani chanzo ni uzembe wa mwendesha winchi. Mara nyingi chanzo ni neno lililotumiwa.

Asubuhi moja karibu na Konza nilikuwa kwenye winchi. Kijana aliyekuwa kwenye ncha ya kamba aliona raiza yake ya kushoto, yaani mkanda unaounganisha nyuzi za bawa na hanesi, imejipinda, akabonyeza kitufe cha redio na kusema, "Usivute, mwalimu." Redio nyingi za mkononi huchukua sehemu ya sekunde kufunguka baada ya kitufe kubonyezwa, na silabi za mwanzo humezwa. Nilichokisikia mimi kilikuwa "…vute, mwalimu," nami nikafuata nilichosikia. Goti lake lilichubuka kwenye changarawe hadi kitambaa cha suruali kikaingia kwenye kidonda, na tulikaa nusu saa tukikitoa uzi kwa uzi. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Lugha yetu huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, mahali hasa ambapo redio hula sauti.

Tangu siku hiyo hatutumii kitenzi chochote cha kukanusha hewani. Tuna maneno matatu tu: "kaza" ni la kuondoa ulegevu wa kamba, "vuta" ni la kuanza, na "simama" husemwa mara tatu mfululizo. Rubani hubonyeza kitufe, hungoja pumzi moja, ndipo aseme, na mwendesha winchi hurudia neno kabla ya kugusa lolote. Ikiwa redio imekatika, au inatoa mkwaruzo, au mtu mwingine ameingilia masafa, kimya hicho kinahesabiwa kuwa "simama". Tunamweka pia mtu wa tatu mwenye bendera kando ya rubani, kwa sababu betri ya redio haimwambii mtu saa itakayokufa.

Bawa linapanda likiegemea upande mmoja

Tazama kwanza kamba ilivyolala. Kamba iliyotandazwa na bodaboda katika uwanja wenye vichaka huacha upinde, na upinde huo ukikazwa, mvuto wa kwanza humjia rubani kutoka upande badala ya mbele. Rubani huona bawa linakwenda kushoto na kulaumu upepo, ilhali kamba ilikuwa imepita nyuma ya kichaka cha mgunga mita 200 mbele yake. Dawa ni kukaza kamba polepole kabla ya kuunganisha rubani, mpaka yule wa bendera aone mstari mmoja ulionyooka kutoka winchi hadi miguuni pake.

Ikiwa kamba imenyooka, chanzo kinachofuata ni mkao wa bawa lenyewe. Katikati ya bawa, rubani na winchi vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja, na mstari huo uelekee upepo unakotoka. Upepo wa ubavuni ukizidi kidogo, upande wa bawa ulio karibu na upepo hujaa hewa mapema na kupanda kwanza. Sogeza winchi au ungoje. Usijaribu kuushinda upepo wa ubavuni kwa mbio. Chanzo cha tatu ni fundo au kijiti cha mwiba kilichonasa kwenye nyuzi, na hiki hakionekani mpaka bawa liwe juu.

Bawa linapoegemea, rubani anasogea chini ya upande unaoshuka na kugusa breki ya upande ulio juu. Likirudi katikati ndani ya hatua mbili tatu, anaendelea. Lisiporudi, anasema "simama" mara tatu na kuliangusha bawa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa ndipo mvuto hufanya udanganyifu wake: winchi ina nguvu ya kutosha kumnyanyua mtu mwenye bawa lililopinda ambalo mlimani lingemkatalia. Mlima humkataa rubani aliyejipanga vibaya, bali winchi humkubali na kumpeleka juu na kosa lake. Kwa hiyo kanuni tunayoishika ni kwamba bawa huinuliwa na rubani mwenyewe, kamba ikiwa na mkazo mdogo tu, naye hulitazama lote kutoka ncha hadi ncha kabla ya kutamka "vuta". Asiyeweza kuinua bawa lake bila msaada wa winchi hayuko tayari kwa winchi siku hiyo.

Rubani anakimbia lakini miguu haiachi ardhi

Wageni wanaotoka pwani hushangazwa na hili. Tambarare za kusini mwa Nairobi ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jiji lenyewe liko karibu mita 1,700. Katika kimo cha jiji, siku yenye joto la nyuzi 26, hewa huwa nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Bawa linalohitaji kasi ya kilomita 25 kwa saa ili kunyanyua mtu Mombasa litahitaji takriban 27 na nusu hapa. Katika upepo wa kilomita 10 kwa saa, hiyo ni tofauti kati ya kukimbia kwa kilomita 15 kwa saa na kukimbia kwa 17 na nusu, na mtu aliyevaa buti na kubeba hanesi ya kilo kadhaa huihisi tofauti hiyo mapajani.

Hewa hiyohiyo nyepesi huidhoofisha injini ya winchi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kimo, kwa hiyo winchi iliyopimwa usawa wa bahari hufika huku ikiwa imepungukiwa na sehemu ya sita hivi ya nguvu zake. Katika mvuto wa rubani mmoja upungufu huo hauonekani sana, lakini kwa bawa la watu wawili utauona.

Dawa si kuongeza mvuto ili kumrarua mtu kutoka ardhini. Dawa ni kuchagua saa yenye upepo wa mbele, kukimbia ukiwa umeinama kidogo mbele na breki zikiwa juu, na kuendelea kukimbia hata pale miguu inapohisi wepesi. Kosa la kawaida ni kuketi kwenye hanesi mapema. Rubani anaketi, bawa bado halijabeba uzito wote, naye anarudi chini kwa makalio huku kamba ikiendelea kumvuta kwenye mawe. Chunguza pia upepo wa nyuma. Katika asubuhi tulivu ya Januari, hewa ya tambarare huanza kusogea kidogo kuelekea mahali palipopata joto kwanza, na utepe uliofungwa kwenye fimbo karibu na winchi unaweza kuonyesha mbele wakati ule wa karibu na rubani unaonyesha nyuma. Ndiyo maana tunaweka tepe mbili, moja kila upande.

Bawa limebaki nyuma ya kichwa

Tatizo hili lina sura tulivu, na utulivu huo ndio unaolifanya kuwa la hatari. Rubani ameinuka, anapanda, lakini bawa haliko juu yake, liko nyuma. Sauti ya upepo masikioni imepungua. Breki zimekuwa laini kama kamba ya nguo. Kutoka kwenye winchi anaonekana akipanda polepole kuliko kawaida, na mwendesha winchi asiye na uzoefu huongeza mvuto ili "kumsaidia". Kwa kufanya hivyo anamvuta mtu mbele zaidi na kuliacha bawa nyuma zaidi. Bawa hilo limeacha kuruka. Mimi huliita bawa lililozimia: lina umbo lake, limejaa hewa, lakini halisongi mbele, na linabaki hewani kwa sababu ya kamba tu. Kamba ikiachiwa wakati huo, rubani hushuka karibu wima.

Chanzo cha karibu zaidi ni mikono. Rubani mwenye hofu hushikilia breki kama anayeshikilia matawi ya mti, na chini ya mvuto kiasi kile cha breki kinachovumilika mlimani huwa kingi mno. Mikono ikipandishwa hadi kwenye kapi za breki, mara nyingi bawa huja mbele lenyewe. Lisipokuja, rubani husukuma raiza za mbele au kukanyaga kikanyagio cha kasi, na mwendesha winchi hupunguza mvuto taratibu bila kuukata ghafla. Hakuna anayegeuza bawa likiwa katika hali hiyo, kwa maana breki ya upande mmoja ikivutwa inaweza kulizungusha.

Chanzo cha pili ni maji. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za hapa huwa na mawingu mazito na umande mwingi, na bawa lililotandazwa kwenye nyasi saa moja asubuhi hunywa maji hadi kitambaa kinashikamana na kiganja. Uzito huo hukaa zaidi kwenye ukingo wa nyuma. Tunangoja likauke, hata kama wateja wanalalamika.

Chanzo cha tatu kinahitaji subira kukitafuta, nacho ni umri. Nyuzi za mbele za bawa hubeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo hurefuka kidogo kwa miaka. Nyuzi za nyuma na za breki hubeba uzito mdogo, na kwa unyevu na kukauka tena hufupika. Tofauti ya sentimita mbili tu kati ya mbele na nyuma hubadilisha pembe ambayo bawa hukutana nayo na hewa, na bawa huanza kuruka kama lililoshikiliwa breki hata mikono ikiwa juu. Kitambaa nacho, kikipigwa na jua letu la ikweta kwa misimu kadhaa, hupitisha hewa. Mimi nina bawa la zamani ambalo lilipanda vizuri mlimani Ngong kwa mwaka mzima, lakini kila lilipovutwa kwa winchi lilibaki nyuma. Nililaumu winchi, nikalaumu hanesi, mpaka siku nilipozitandaza nyuzi sebuleni na kuzipima moja moja kwa kanda ya fundi cherehani dhidi ya jedwali la mtengenezaji. Seti ya nyuma ya upande wa kulia ilikuwa imefupika kwa zaidi ya upana wa kidole changu. Winchi ilikuwa imenionyesha ugonjwa ambao mlima uliuficha.

Bawa linageukia pembeni na kukataa kurudi

Rubani anapotoka kwenye mstari wa kamba kwa kiasi kidogo, breki na kuhamisha uzito wa mwili humrudisha. Kiasi hicho kikizidi, kamba yenyewe hubadili kazi: badala ya kumvuta mbele, inamlaza upande, na kadiri anavyolala ndivyo inavyozidi kumlaza. Kuna pembe ambayo baada yake breki haina uwezo tena, hata ikivutwa hadi chini, na kuivuta hadi chini huzimisha upande mmoja wa bawa. Karibu na ardhi, mzunguko mzima kutoka dalili ya kwanza hadi kugonga unaweza kumalizika kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza angani ni moja: je, mwelekeo wangu unarudi? Kama nimegusa breki na kuegemea, na kichwa cha bawa bado kinakwenda pembeni, siongezi breki mara ya pili. Kama ninacho kimo, naachia kamba. Kama niko chini sana, nasema "simama" mara tatu, na mwendesha winchi, ambaye anapaswa kuwa ameanza kupunguza kabla sijasema, analegeza mvuto hadi bawa lijinyooshe. Mwendesha winchi haangalii kipimo peke yake, anaangalia bawa. Akiliona limeelekea pembeni kwa pembe ya kutisha na haoni likirudi, anapunguza bila kungoja ruhusa ya mtu. Rubani aliyepunguziwa bure atalalamika akiwa mzima, na malalamiko hayo tunayapokea kwa furaha.

Vyanzo vyake huwa vile vilivyoachwa chini: bawa lililopinda wakati wa kuinuka, upepo wa ubavuni, raiza iliyojipinda, au kiachilio kilichofungwa upande mmoja. Kimoja tu hutoka angani, nacho ni kisulisuli. Kuanzia saa tano asubuhi, hasa Januari na Februari, vumbi la tambarare hizi huanza kusimama kama nguzo, na visulisuli vingine havina vumbi la kuvionyesha, bali huonekana kwa nyasi kavu zinazozunguka au kwa ng'ombe wanaogeuza vichwa kwa pamoja. Tukikiona kimoja popote uwanjani, hakuna anayeunganishwa kwenye kamba kwa dakika kumi zinazofuata, na aliyekuwa ameinua bawa analiangusha na kulilalia.

Kamba au kiungo dhaifu kimekatika

Ili kuelewa kinachotokea hapa, hesabu ndogo inasaidia. Chukua rubani ambaye pamoja na vifaa vyake ana uzito wa kilo 100, na kamba inayomvuta kwa kilo 80 ikishuka kwa pembe ya nyuzi 45. Bawa halibebi kilo 100; linabeba takriban 167, kwa kuwa linaubeba uzito wake na pia kushindana na kamba. Kasi ambayo chini yake bawa huzimia huongezeka kwa karibu asilimia 30. Kisha kamba inakatika, na kwa kufumba na kufumbua mzigo unarudi kuwa 100, huku mwili wa rubani uliokuwa umevutwa mbele ukirudi chini ya bawa kama bembea. Bawa hukimbia mbele kwa kishindo.

Rubani hulizuia kwa breki thabiti ya muda mfupi, kisha hupandisha mikono mara moja ili liruke. Asiyezuia huona bawa likikunjika mbele yake. Anayezuia na kusahau mikono chini hulizimisha. Kisha anatua moja kwa moja mbele ikiwa yuko chini. Kugeuka ili kurudi mahali pa kurukia kunaweza kumuumiza mtu kuliko kukatika kwenyewe, na uwanja wa winchi unaofaa ni ule ambao mbele yake hakuna uzio, mtaro wala nyaya za umeme.

Kwa sababu hiyo mita 50 za kwanza huvutwa kwa upole. Shule nyingi hazizidishi mvuto kupita uzito wa mwili wa rubani mwenyewe hata akiwa juu, na karibu na ardhi hutumia sehemu tu ya huo. Rubani anayepanda kama lifti kutoka mita ya kwanza anawafurahisha watazamaji, lakini kamba yake ikikatika kwenye mita 15, bawa halina nafasi ya kumaliza bembea yake.

Kama kiungo dhaifu kinakatika mara kwa mara, usikifunge kwa fundo mbili wala usiweke kamba nene zaidi. Angalia kama mwendesha winchi anaongeza mvuto kwa mishtuko, kama kipimo kinasema kweli, kama kiungo kimesuguliwa na mchanga, na kama kamba ina mafundo ya kuungia yanayogonga kapi. Kamba zetu huburutwa juu ya miiba na changarawe kila siku, na kabla ya kila siku ya kuruka mtu mmoja huipitisha yote kati ya vidole vyake, mita kwa mita, akiwa hana glavu. Kidole huhisi uzi uliokatika kabla ya jicho kuuona.

Kamba imelegea ukiwa angani

Hutokea bawa likiingia kwenye hewa inayopanda, au rubani akienda mbele kwa kasi kuliko winchi inavyokusanya. Weka mikono na miguu mbali na kamba, nyoosha mwelekeo, na umwachie mwendesha winchi aukusanye ulegevu polepole. Akiukusanya kwa mshtuko, parashuti ndogo iliyokuwa imefunguka mbele ya uso wako itapita kwa nguvu kando ya shingo. Ulegevu ukiwa mkubwa, achia kamba.

Kiachilio hakifunguki

Kijaribu chini, kabla ya kila mruko, kikiwa kimevutwa kwa nguvu za mikono ya mtu mwingine. Kiachilio kinachofunguka kikiwa kitupu kinaweza kukataa kikiwa na mzigo, na kingine hukataa kikiwa kimelegea. Vumbi la tambarare ni laini kama unga wa mahindi na hujaza vitanzi na chemchemi zake. Tunakiosha kwa maji na brashi ya meno, na hatukitii mafuta, kwa kuwa mafuta huyakaribisha mavumbi mengine.

Kikikataa angani, usigeuke ukaipa winchi mgongo, maana kamba itakazika na kukurudisha kwa nguvu. Endelea kuelekea winchi ili kamba ibaki imelegea, mwambie mwendesha winchi kwa redio, jaribu tena ukiwa na mkazo kidogo kisha bila mkazo, ndipo utoe kisu na kukata ukanda kati ya kiachilio na kamba. Kisu hukata kwa kuvutwa kuelekea kwako, upande ulio mbali na raiza na nyuzi. Mwendesha winchi, akiona rubani amefika juu yake na bado ana kamba, hangoji ombi: analegeza, na kamba ikianza kukazika, anaikata kwa upande wake.

Kamba inaangukia pasipotakiwa

Baada ya kuachiwa, kamba ya mita mia kadhaa bado iko angani na upepo unaisukuma. Kwenye tambarare zetu inaweza kuangukia ng'ombe wa wafugaji, uzio wa seng'enge, au njia ya bodaboda, na kamba ya milimita 2 haionekani na mtu aliye kwenye pikipiki. Tunakwenda kwa wazee wa eneo kabla ya msimu, tunawaeleza saa tutakazoruka, na siku yenyewe tunamweka mtu kila mahali njia inapokatiza uwanja. Anga nalo lina wenyewe: ndege ndogo za mafunzo kutoka uwanja wa ndege wa Wilson hupita upande huu, na kamba iliyofika mita 300 ni kizuizi ambacho rubani wa ndege hawezi kukiona, kwa hiyo hatufungui winchi bila ruhusa na mawasiliano yaliyokubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Mwendesha winchi huikusanya kamba kwa kasi mara tu anapoiona imeachiwa, ili ibaki juu ikirudi, na akiona upepo unaisukuma kuelekea njiani huongeza kasi badala ya kuiacha ianguke. Parashuti ndogo ikikaribia winchi anapunguza, na mita 30 za mwisho anazizungusha taratibu huku akiitazama, kwa sababu ikiingia kwenye kapi kwa kasi hurarua kitambaa chake na kuikata ncha ya kamba, na ncha iliyokatwa kwa mtindo huo hurudi nyuma kama mjeledi kuelekea kiti chake.